Maswali ya Wasomaji: Timu ya Mchanganyiko, Mpira Unamfikia Nani?

Safari hii kurasa za maswali tumezitenga kwa jambo moja: timu za mchanganyiko, ambamo watu wenye ulemavu wa akili na wasio nao huvaa jezi moja, hufanya mazoezi pamoja na kushindana pamoja. Mfumo unaojulikana zaidi ni Unified Sports wa Special Olympics, shirika la kimataifa la michezo ya watu wenye ulemavu wa akili. Ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980, miongo miwili hivi baada ya Eunice Kennedy Shriver kuanzisha michezo ya kwanza ya Special Olympics katika uwanja wa Soldier Field, Chicago, Julai 1968. Kwa wepesi wa kusoma, mwenye ulemavu wa akili tutamwita mwanamichezo, na asiye nao tutamwita mwenza. Tukisema mchezaji, tunamaanisha yeyote kati yao.

Wanamichezo wangu wanasimama kama milingoti

*Nafundisha soka ya watano kwa watano. Wenza wangu wawili wana mbio na chenga, na tunashinda mechi nyingi. Tatizo ni wanamichezo watatu: wanasimama pembeni kama milingoti ya goli. Nikiwaambia wenza wapunguze kasi mchezo unaharibika, nikiwaacha wazazi wananung'unika. Nifanyeje?*
— Kocha mwenye timu inayoshinda

Kocha, wazazi wana haki ya kunung'unika. Timu ambayo ingeshinda mechi ileile hata kama wanamichezo wangebaki benchi ni timu ya watu wawili yenye wasindikizaji watatu. Msingi wa Unified Sports ni kwamba kila mchezaji awe na mchango wa maana katika mchezo, na mwenza anapoutawala, anayeulizwa ni kocha.

Usianze kwa kubadilisha mbinu. Anza kwa kuhesabu. Katika mechi ya mazoezi, wape wasaidizi wawili karatasi yenye majina ya wachezaji wote na safu tatu, kisha waandike vijiti kwa dakika 10. Safu ya kwanza: ameugusa mpira mara ngapi? Ya pili: amepewa pasi mara ngapi? Ya tatu ndiyo yenye siri: ameamua mwenyewe mara ngapi, yaani ametoa pasi, amepiga shuti au amekokota mpira bila mtu wa nje kumpigia kelele afanye nini? Rudia zoezi hilo mechi mbili zaidi, kwa maana siku moja hudanganya.

Sasa zisome safu hizo kwa pamoja. Mwanamichezo ambaye hapewi pasi na haugusi mpira, tatizo si lake. Wenzake hawamwoni au hawamwamini. Dawa yake ni mazoezi ya eneo dogo, mita 15 kwa 15, watatu kwa watatu, ambapo hakuna pa kujificha na hakuna nafasi ya kukimbia na mpira umbali mrefu. Anayepewa pasi lakini haamui anasubiri amri, na mara nyingi ni sisi makocha tuliomzoesha hivyo. Mpunguzie maelekezo kutoka nje na mpe chaguo mbili tu: “Ukipata mpira, ama unampa aliye karibu, ama unapiga golini.” Anayeugusa mara nyingi lakini kila mara anapokonywa ana pengo la ufundi. Hilo linafundishika, ila linahitaji wiki, tena kwa marudio mafupi ya kila siku ya mazoezi badala ya saa nzima siku moja.

Ikiwa wanamichezo wote watatu wako chini katika safu zote, na wenza wote wawili wako juu, basi Kocha umekosea kwenye uteuzi. Hakuna zoezi litakaloziba pengo hilo. Katika timu ya mashindano, wanamichezo na wenza wanatakiwa wawe na uwezo unaokaribiana pamoja na umri unaokaribiana. Kwa vijana wa miaka 21 kwenda chini tofauti isizidi miaka 3 hadi 5. Kwa watu wazima inaweza kufika miaka 10 hadi 15. Makosa tunayoyaona mara nyingi ni mawili: kocha anachukua wenza kutoka timu ya kwanza ya shule kwa sababu wanajua mpira, au anachukua watu wazima kucheza na watoto kwa sababu wana subira. Mchezaji wa akiba wa timu ya pili, anayependa mpira lakini hana makuu, ndiye mwenza bora kuliko nyota.

Ili kuchagua kwa haki, wapime wote kwa kipimo kimoja. Weka koni 5, mita 2 kati ya koni na koni, kila mmoja apite na mpira kwa zigizaga huku unapima muda. Kisha pasi 5 kupitia lango la upana wa mita 3, akiwa mita 8. Kisha mashuti 5 golini. Mwisho dakika 10 za mchezo wenyewe, kwa sababu wapo wanaopita koni vizuri ila hupotea mpira ukiwa na watu. Panga majina kwa matokeo bila kuandika nani mwanamichezo na nani mwenza. Chagua kundi lililokaa pamoja katikati ya orodha, wanamichezo na wenza. Mwenza aliyekaa juu peke yake, mbali na wengine, mpe kazi nyingine.

Kazi nyingine hiyo ipo, na si ya kumfariji. Mfumo una ngazi tatu: ya mashindano, ya kukuza wachezaji, ambamo wenza huruhusiwa kuwa na uwezo zaidi na wajibu wao ni kuwainua wenzao, na kanuni hurekebishwa ili wasitawale, na ya burudani. Nyota wako watafaa sana ngazi ya pili. Ila usiwaingize kwenye mashindano kwa mlango wa nyuma ukisema mnakuza wachezaji.

Kuhusu kuwaambia wapunguze kasi: acha kabisa. Mtu anayejifanya hawezi anaonekana, na wa kwanza kumwona ni mwanamichezo mwenyewe.

Hesabu ya uwanjani

*Wangapi kwa wangapi? Na mmoja akiumia katikati ya mechi, tunaingiza yeyote?*
— Nahodha

Soka ya watano: wanamichezo 3 na wenza 2. Ya saba: 4 na 3. Ya kumi na mmoja: 6 na 5. Mpira wa kikapu: 3 na 2. Mpira wa wavu: 3 na 3, na kwenye mzunguko wanapishana, mwanamichezo, mwenza, mwanamichezo, mwenza, ili wenza watatu wasijipange pamoja mbele ya wavu. Mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne: 2 na 2, na mpangilio wa nani aanze nani amalize ni wenu.

Akiumia mwanamichezo, huingizi mwenza wa tatu. Mnaingiza mwanamichezo mwingine au mnacheza pungufu. Hesabu ya wenza ni dari: huwezi kuipita, ila unaweza kuwa chini yake. Kuvunja uwiano huu kunaweza kuwagharimu mechi nzima, hivyo benchi lipangwe kwa jozi. Katika kikosi cha watu 10 cha soka ya watano, wanamichezo 6 na wenza 4 wanatosha, na kocha abaki nje. Mfumo unataka kocha mtu mzima asiyecheza, kwa sababu aliyemo uwanjani hawezi kuhesabu vichwa, kubadilisha wachezaji na kukimbilia mpira kwa pamoja.

Nimwachie afunge?

*Mimi ni mwenza, nina miaka 17. Kipa wa timu pinzani ni mwanamichezo. Nikibaki naye ana kwa ana najisikia vibaya kufunga. Na upande wetu, je, nisimame ili mwenzangu afunge?*
— Mwenza mwenye huruma

Funga. Kipa yule amefanya mazoezi ya kudaka, hakujifunza kuhurumiwa. Ukipiga mpira nje makusudi ataona, wenzake wataona, na mechi ijayo atacheza akijua anachukuliwa kama mtoto.

Upande wenu ni habari nyingine. Kumpa mwenzako mpira akiwa kwenye nafasi nzuri kuliko yako ni mpira wa kawaida. Mchezaji yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Kusimama na kumsubiri huku mabeki wanatazama ni maigizo. Jiulize: kama huyu angekuwa mchezaji mwenzangu wa kawaida wa timu ya mtaa, ningempa pasi hii? Kama ndiyo, mpe. Kama hapana, cheza.

Kitu kimoja utakachokuwa na nafasi ya kukifanya kuliko kocha: muite mwenzako kwa jina kabla ya pasi, si baada yake. Wengi huhitaji sekunde moja au mbili zaidi kuipokea taarifa. Pasi isiyo na jina humkuta anatazama kwingine, ikipotea anaonekana yeye ndiye mzembe.

Maneno ya kocha yanawapoteza

*Nina wachezaji wanaosikia vizuri na wanaongea vizuri, lakini mechini wanafanya kinyume cha ninachosema. Ni ukaidi?*
— Kocha wa shule

Mwalimu, hebu jirekodi kwa dakika 10 kisha sikiliza. Lugha yetu ya mpira imejaa mafumbo ambayo hatuyasikii tena. “Kaba!” kwa aliyezoea soka ni kumbana mpinzani, kwa anayelichukua neno kama lilivyo ni kumshika mtu shingo. “Toka!” kocha anataka mabeki wapande, mchezaji anatoka nje ya uwanja. “Toa!” toa nini, kwa nani? “Rudi!” huku wachezaji watano wanasikia, wote wanarudi. Wengi wenye ulemavu wa akili, na hasa wale wenye usonji pia, hulichukua neno kwa maana yake ya wazi. Basi hapo hakuna ukaidi. Amri imetekelezwa sawasawa.

Chagueni maneno 6 au 7 ya timu, kila moja na maana moja, na yafundisheni kama mnavyofundisha pasi. “Simama karibu naye” badala ya kaba. “Nenda mbele” badala ya toka. Jina litangulie, kitendo kifuate: “Namba nne, mbele.” Kisha nyamaza. Hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo kabla ya kurudia, na ukirudia tumia maneno yaleyale. Kocha anayebadilisha maneno akidhani anafafanua anampa mchezaji kazi mpya ya kuanza kuchambua upya.

Kwenye mazoezi, onyesha kabla ya kueleza. Simama ukiangalia upande uleule wanaoangalia wao, mgongo wako kwao, ili mguu wako wa kulia uwe upande wa mguu wao wa kulia. Makocha wengi huonyesha wakiwa uso kwa uso, halafu hushangaa nusu ya kundi wanapiga kwa mguu wa kushoto. Ikibidi kumshika mkono au kumgeuza bega ili ahisi mwendo, muulize kwanza, kila mara, hata kama jana alikubali.

Sifa nazo ziwe na kitu ndani. “Safi sana!” haimfundishi mtu. “Umeinua kichwa kabla ya kutoa pasi” inamwambia arudie nini.

Shingo ya binti yangu

*Binti yangu ana miaka 14, ana sindromu ya Down. Anatamani timu ya soka. Nimesikia wenye hali yake hawatakiwi kucheza kwa sababu ya shingo. Ni kweli?*
— Mama mwenye wasiwasi

Mama, wengi wenye sindromu ya Down, yaani hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, wanacheza, na wanacheza vizuri. Ulichosikia kina msingi, ila kimekuzwa.

Pingili mbili za juu kabisa za shingo zimefungwa kwa kano. Kwa watu wenye sindromu ya Down kano za mwili mzima huwa legevu, hivyo kwa baadhi yao pingili hizo huchezacheza kupita kiasi na zinaweza kuugandamiza uti wa mgongo. Katika picha za eksirei hali hii huonekana kwa asilimia 10 hadi 20 hivi. Wanaopata dalili hasa ni wachache zaidi, asilimia 1 au 2. Ndiyo maana mkazo siku hizi uko kwenye uchunguzi wa mishipa ya fahamu na dalili zenyewe, kwa kuwa picha pekee haitabiri vizuri nani ataumia.

Kabla ya mazoezi ya kwanza, mpeleke kwa daktari na mwambie wazi kuwa ni kwa ajili ya michezo. Aangaliwe shingo, nguvu za mikono na miguu, na mwendo. Aangaliwe na moyo pia, maana karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na hata waliofanyiwa upasuaji utotoni wanahitaji kauli ya daktari kuhusu kiwango cha mazoezi. Macho, masikio na tezi ya shingo navyo visisahaulike. Mchezaji anayechoka haraka au anayeonekana “hasikilizi” wakati mwingine ana tatizo hapo, na linatibika.

Dalili za kumsimamisha mara moja na kurudi kwa daktari, hata katikati ya msimu: maumivu ya shingo yasiyoisha, kichwa kuinamia upande, ganzi au udhaifu wa mikono au miguu, kuanza kujikwaa mtu ambaye hakuwa akijikwaa, na kushindwa kuzuia mkojo au choo wakati zamani aliweza. Hiyo ya mwisho wazazi huificha kwa aibu. Tafadhali usiifiche.

Iwapo daktari atakuta pingili hazijatulia, yapo mambo ya kuepuka: kupiga mpira kwa kichwa, kupinduka sarakasi, kupiga mbizi kwa kutanguliza kichwa, mtindo wa kipepeo katika kuogelea, kuruka juu, na kubeba vyuma kwa kuchuchumaa. Michezo mingi inabaki wazi. Kwa soka yenyewe, muulize daktari kama anaweza kucheza, msiamue wenyewe kwamba kuondoa mpira wa kichwa kunatosha.

Kocha naye ajue mambo mawili kuhusu binti yako: misuli yake huenda ikawa milegevu, kwa hiyo viatu vinavyokaza kifundo vinamsaidia; na vipindi vifupi vya mazoezi vyenye mapumziko mengi vinamjenga kuliko kukimbizwa muda mrefu.

Refa alegeze kamba?

*Nimeombwa kuchezesha mashindano ya mchanganyiko. Nitumie kanuni zilezile au niwe mpole?*
— Refa

Kanuni zilezile, pamoja na nyongeza ulizopewa na waandaaji kwa maandishi. Usibuni zako. Refa anayesamehe madhambi kwa huruma huwaumiza watu, kwa sababu mchezaji aliyesamehewa leo atarudia kesho mbele ya mwingine.

Kinachobadilika ni namna ya kuwasiliana. Pulizia filimbi kwa ufupi, nyoosha mkono uelekeo mmoja bila haraka, taja timu kwa rangi ya jezi. Ukitoa kadi, msogelee, mwambie kwa sentensi moja alichofanya. Waulize makocha kabla ya mechi kama kuna mchezaji anayeumizwa na sauti kali. Kwa huyo, kutumia filimbi laini au bendera hakupunguzi chochote katika mechi. Na hesabu uwiano wa wachezaji kila mabadiliko yanapofanyika. Hapo ndipo marefa wageni hupitiwa.

Tunataka kuanza, tuna uwanja na saa moja kwa wiki

*Shule yetu ina kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili. Tuna watoto 16 wanaotaka, 8 kwa 8, miaka 12 hadi 15. Tuanze na nini, na tununue nini?*
— Mwalimu wa michezo

Mwalimu, saa moja kwa wiki inatosha kuanza, ila jipeni wiki 8 hadi 10 kabla ya mechi yoyote na timu ya nje.

Vifaa: mipira 8, mmoja kwa kila wawili, namba 4 kwa walio na miaka 12 na namba 5 kwa wakubwa wao. Koni 24. Bibu, yaani vizibao vya kuvaa juu ya jezi, za rangi mbili, 8 kwa 8. Saa, filimbi, sanduku la huduma ya kwanza, na orodha ya taarifa za afya iliyo mfukoni mwa kocha, maana ikikaa ofisini haisaidii kitu. Magoli ya mita 4 kwa 2 yanafaa soka ya watano, na mkikosa, koni zinatosha kwa wiki za mwanzo. Chorea eneo la mita 40 kwa 30.

Juu ya bibu: msizigawe kamwe kwa kigezo cha nani ana ulemavu. Tumeona mazoezi ambapo wanamichezo wote walivishwa njano “ili tuwatambue kwa haraka”. Hata mtazamaji wa mara ya kwanza alijua njano maana yake nini.

Wasaidizi wawe wawili mbali na kocha mkuu. Mmoja asimame ndani ya eneo la mazoezi, mwingine abaki huru kwa yeyote atakayehitaji kutoka nje kidogo.

Saa yenyewe tungeigawa hivi. Dakika 5 za kukutana mahali palepale kila wiki, kila wawili na mpira wao. Dakika 10 za kupasha mwili, mazoezi yaleyale kwa mpangilio uleule. Wiki ya tatu mwanamichezo mmoja na mwenza mmoja waongoze badala ya kocha. Dakika 15 za ujuzi mmoja, na tunasisitiza mmoja. Dakika 20 za mchezo katika makundi madogo, nne kwa nne katika viwanja viwili ili watoto wote 16 wawe wanacheza. Dakika 5 za kupoza mwili, na 5 za kukaa duara na kila mmoja kusema kitu kimoja alichofanya. Mpangilio huo uandikwe kwa picha kwenye ubao au kadibodi, na kila sehemu ikiisha mtoto mmoja aifute. Watoto wengi wanaokataa kuhama kutoka zoezi moja hadi jingine hukubali wakiona kinachofuata.

Wiki mbili za kwanza zungushieni jozi: mtu asicheze na mwenzake yuleyule kila siku. Jozi zikiganda, hugeuka mlezi na mlelewa, na mtaona mwenza anamfungia mwenzake kamba za viatu bila kuulizwa. Wiki ya 3 na ya 4 shughulikieni kupokea mpira na pasi fupi. Ya 5 na ya 6, kukokota na kupiga shuti. Ya 7, nafasi uwanjani. Gawa uwanja kwa koni katika kanda tatu na mpe kila mchezaji kanda yake, kisha ziondoe koni hizo taratibu, kwa sababu mchezaji akizizoea sana atasimama ukingoni mwa kanda huku mpira uko hatua moja mbele yake. Ya 8, mechi kamili ninyi kwa ninyi, na ile karatasi ya kuhesabu miguso tuliyoieleza juu.

Kinachoharibu programu nyingi tunazozijua si ufundi. Wenza hukosa mazoezi wakati wa mitihani au mashindano ya timu zao nyingine, wanamichezo wanabaki wenyewe, na mwezi mmoja baadaye hakuna timu. Andikisheni wenza 10 hadi 12 hata kama mnahitaji 8, na waambieni mapema kwamba asiyehudhuria mazoezi hachezi mechi. Kanuni hiyo iwahusu wanamichezo vilevile.

Wapinzani wanaficha uwezo

*Kwenye mechi za kupanga madaraja timu moja ilicheza kama haijui mpira, wakawekwa daraja la chini, kisha fainali wakatufunga 9. Tulalamike wapi?*
— Kiongozi wa timu

Madaraja yapo ili timu zikutane na zinazolingana nazo: hupangwa kwa umri, jinsia na uwezo, na uwezo hupimwa kwa alama za vipimo vya kila mchezaji na mechi fupi za awali. Kujifanya dhaifu katika mechi hizo ni kuvunja kanuni ya juhudi ya kweli, na timu inaweza kuondolewa.

Malalamiko yenye nguvu yana takwimu. Katika mechi za awali andikeni namba za wachezaji wa kila timu walioingia na muda waliocheza. Kocha anayeficha uwezo mara chache huwaambia wote wacheze vibaya. Huwaweka benchi wachezaji wake wawili bora. Karatasi yenu ikionyesha namba 7 na 10 hawakuingia kabisa kwenye mechi za awali, kisha wakacheza fainali nzima, kamati ina la kufanyia kazi. Pelekeni kwa maandishi kwa kamati ya mashindano ndani ya muda uliowekwa, kocha mkuu akiwa ametia saini. Kumvamia refa baada ya filimbi ya mwisho hakuwasaidii, yeye hakupanga madaraja.

Na tuulize kidogo: alama zenu mlizotuma kabla ya mashindano zilikuwa za karibuni? Timu iliyotuma alama za mwaka uliopita huwekwa daraja lisilo lake bila mtu yeyote kudanganya.

Hatuna uwanja wala mbio

*Kikundi chetu ni watu wazima, wengine wana zaidi ya miaka 50, wawili wanatembea kwa shida. Kuna mchezo wa timu unaotufaa?*
— Mratibu

Jaribuni boche. Ni mchezo wa kurusha mipira mizito kuukaribia mpira mmoja mdogo wa shabaha. Mipira mikubwa ni 8, minne kwa kila upande, ya rangi mbili. Uwanja rasmi una urefu wa mita 18.29 na upana wa mita 3.66, ila kipande chochote kilicho tambarare kinafaa kujifunzia. Timu ya mchanganyiko ina watu 4, wanamichezo 2 na wenza 2, au jozi ya mmoja kwa mmoja. Anayetumia kiti cha magurudumu hurusha akiwa amekaa.

Ugumu wake uko kwenye upimaji. Mipira miwili ikionekana iko sawa, pimeni kwa utepe, msikadirie kwa macho, na anayepima awe anabadilika kila mzunguko. Wenza hupenda kujitwalia utepe.

Akianguka kifafa uwanjani

*Mchezaji wetu mmoja ana kifafa. Tufanye nini ikitokea mechini?*
— Kocha msaidizi

Simamisha mchezo na tazama saa papo hapo. Muda ndio taarifa ambayo daktari ataiuliza kwanza. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, weka bibu au jezi iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza kinachobana shingoni. Usimshikilie kuzuia mtikisiko na usimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko wala kitambaa. Mtikisiko ukipungua mlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Wachezaji wengine wasogezwe mbali na wapewe kazi, kwa mfano kunywa maji upande wa pili wa uwanja, maana akizinduka na kukuta duara la watu wanamtazama ataona aibu.

Itisha gari la wagonjwa kama mtikisiko umezidi dakika 5, kama unafuatwa na mwingine kabla hajazinduka, kama ameumia, kama anapumua kwa shida, au kama ni mara yake ya kwanza. Akizinduka atakuwa amechanganyikiwa na pengine amejikojolea. Kuwe na taulo na nguo za kubadilisha kwenye mfuko wa timu. Siku hiyo harudi uwanjani hata akisisitiza.

Baadhi ya dawa za kifafa hupunguza jasho au huleta usingizi, hivyo siku za joto mpumzisheni mara nyingi zaidi na apewe maji kila dakika 15 hadi 20 bila kusubiri aombe. Muulizeni mzazi saa ya dawa na kama kuna dawa ya dharura iliyoandikwa na daktari, nani ameruhusiwa kuitoa, na inakaa wapi. Majibu hayo yaandikwe kwenye ile orodha ya mfukoni, na kocha msaidizi awe na nakala yake.